Kosa la kundi, adhabu ya mtu mmoja mmoja: jinsi mahakama za Uganda zinavyowahukumu waliotenda jinai kwa pamoja

Katika kesi za mauaji na unyang'anyi zinazosikilizwa na Mahakama Kuu ya Uganda, hati ya mashtaka mara nyingi huwa na maneno yanayofanana: kwamba mshtakiwa wa kwanza, wa pili na wa tatu, pamoja na wengine ambao bado hawajakamatwa, walitenda kosa hilo mahali fulani, usiku fulani. Ndugu wa washtakiwa, walioketi kwenye mabenchi ya nyuma, huyasikia maneno hayo na kujiuliza: inakuwaje kijana aliyesimama nje na pikipiki asomewe shitaka moja na yule aliyeshika panga? Na ikiwa wote wametiwa hatiani kwa kosa moja, inakuwaje mmoja apewe kifungo cha maisha na mwingine arudi nyumbani baada ya miaka michache?

Maswali haya mawili huonekana kupingana. La kwanza linalalamika kwamba watu tofauti wametendewa sawa. La pili, kwamba watu walio sawa wametendewa tofauti. Kwa kweli yanahusu hatua mbili za kesi moja. Katika hatua ya kwanza sheria hulifunga kundi zima kwa kamba moja. Katika hatua ya pili, ile ya adhabu, jaji hutakiwa kuifungua kamba hiyo na kumtazama kila mtu peke yake. Anayeelewa hatua moja tu hupotea katika ile nyingine, na mahakamani kupotea huko huweza kumgharimu mtu miaka mingi ya maisha yake.

Nia ya pamoja

Kanuni ya Adhabu ya Uganda, kama zile za Kenya na Tanzania ambazo asili yake ni sheria za enzi ya utawala wa Waingereza, ina kifungu kinachohusu nia ya pamoja. Kwa muda mrefu mawakili wa Uganda wamekitaja kama kifungu cha 20. Nchini Kenya ni kifungu cha 21, na nchini Tanzania ni cha 23. Maneno yake karibu ni yale yale katika nchi zote tatu: watu wawili au zaidi wakikusudia kutekeleza pamoja jambo lisilo halali, na katika kulitekeleza likatendeka kosa ambalo lilitazamiwa kutokea kutokana na jambo hilo, basi kila mmoja wao huhesabiwa kuwa ndiye aliyelitenda.

Tuchukue mfano wa kubuni. Watu wanne wanakubaliana kuvamia duka usiku katika mji mdogo. Mmoja ana panga. Wa pili aliwahi kufanya kazi katika duka hilo, naye ndiye aliyewaambia fedha zinakaa wapi. Wa tatu ni mwendesha bodaboda. Anabaki barabarani huku injini ikinguruma. Wa nne ana umri wa miaka 17 na kazi yake ni kubeba gunia. Mwenye duka anaamka, anapiga yowe, anakatwa panga la kichwa na kufariki dunia. Panga lilishikwa na mkono mmoja tu. Hata hivyo mtu anayekwenda kuvamia duka usiku akijua mwenzake amebeba panga hawezi kusema kwamba kifo kilikuwa jambo asiloweza kulitazamia. Kwa hiyo wote wanne wanaweza kutiwa hatiani kwa mauaji, na kwa unyang'anyi wa kutumia silaha pia.

Wengi hudhani kwamba nia ya pamoja lazima iwe imepangwa mapema, kwa kikao na kwa maneno. Sivyo. Mwaka 1943 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika shauri la Tabulayenka, iliwashughulikia watu waliompiga mtu aliyedaiwa kuwa mwizi mpaka akafa. Mahakama ilisema haikuwa lazima kuwapo makubaliano yoyote kabla ya kumshambulia. Nia ya pamoja ingeweza kuonekana katika mambo matatu: kuwapo kwao mahali pale, matendo yao, na kushindwa kwa yeyote kati yao kujitenga na kipigo kile. Zaidi ya miaka 80 baadaye, majaji wa Kampala na Nairobi bado wanaurejea uamuzi huo.

Shauri hilo linawahusu watu wa kawaida kuliko kesi za majambazi. Mtu akipiga kelele ya "mwizi!" sokoni au kwenye kituo cha mabasi, umati hukusanyika kwa dakika chache, wengine hupiga, wengine huleta matairi, wengine hutazama tu. Baadaye polisi huwakamata watatu au wanne waliotambuliwa na shahidi. Hao ndio watakaosimama kizimbani kwa ajili ya kosa la umati mzima. Kusema "kila mtu alikuwa anapiga" si utetezi. Kwa sheria ilivyo, maneno hayo yanakaribia kuwa ushahidi dhidi ya anayeyasema.

Kuwapo tu mahali pa tukio, hata hivyo, hakutoshi kumtia mtu hatiani. Mpita njia aliyesimama kushangaa si mshiriki. Anayeamua kujitenga naye hana budi kujitenga kwa namna inayoonekana: kuondoka, kukataa, kuwaita polisi, kujaribu kumwokoa anayepigwa. Aliyebadili mawazo moyoni mwake huku mguu wake ungali pale hana la kumwonyesha jaji.

Kiambishi kimoja chenye uzito mkubwa

Hapa inafaa tusimame kidogo kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili, ambao nchini Uganda ni wachache na ambao kesi zao huendeshwa kwa lugha wasiyoizoea. Katika mazungumzo yetu ya kila siku "tu" hutamkwa bila kufikiriwa. Mtu huulizwa usiku ule alikuwa wapi, naye hujibu, "Tulikwenda sokoni, tukakaa, halafu tukaondoka," akimaanisha yeye na rafiki mmoja waliotangulia kuondoka kabla ya fujo. Likiandikwa kwa Kiingereza na afisa anayetafuta nani alikuwa na nani, jibu hilo laweza kusomeka kana kwamba mtu huyo anakiri kuwa mmoja wa kundi lote tangu mwanzo hadi mwisho. Katika kesi ambayo mhimili wake ni nia ya pamoja, tofauti kati ya "nilikwenda" na "tulikwenda" si jambo dogo la sarufi.

Ibara ya 28 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa mshtakiwa haki ya kupewa mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha inayotumika mahakamani. Ibara hiyo hiyo inamhakikishia wakili anayelipwa na serikali kila anayeshtakiwa kwa kosa ambalo adhabu yake yaweza kuwa kifo au kifungo cha maisha. Kiswahili kilitambuliwa kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, lakini kumbukumbu za mahakama bado huandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo ni halali, wala si utovu wa adabu, mshtakiwa kuomba maelezo yake asomewe tena kwa Kiswahili kabla ya kuweka saini au alama ya kidole.

Kuna jambo la pili. Mshtakiwa mmoja akikiri na katika kukiri kwake akawataja wenzake, Sheria ya Ushahidi huiruhusu mahakama kuyazingatia maneno hayo dhidi ya wenzake pia, endapo wanashtakiwa pamoja kwa kosa hilo hilo. Majaji huuona ushahidi wa namna hii kuwa dhaifu, na hawamtii mtu hatiani kwa huo peke yake. Lazima uwepo mwingine wa kuuunga mkono. Hata hivyo, maneno ya mwenzako yaliyotolewa katika kituo cha polisi ambako wewe hukuwapo yaweza kukufuata hadi kizimbani.

Kamba inapofunguliwa

Hadi mwanzoni mwa karne hii, swali la adhabu katika mfano wetu wa duka lisingekuwa na mjadala mrefu. Mtu mzima aliyetiwa hatiani kwa mauaji au kwa unyang'anyi wa kutumia silaha ya kuua alihukumiwa kifo, na jaji hakuwa na hiari. Mwenye panga na mwenye pikipiki walipewa adhabu moja. Uzito wa mkono wa kila mmoja haukupimwa, kwa sababu mizani yenyewe haikuwapo.

Hali hiyo ilibadilishwa na wafungwa wenyewe. Watu 418 waliokuwa wakisubiri kunyongwa, akiwamo Susan Kigula ambaye jina lake ndilo lililobaki kwenye shauri hilo, waliishtaki serikali. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba adhabu ya kifo isiyompa jaji nafasi ya kuchagua inapingana na Katiba, na tarehe 21 Januari 2009 Mahakama ya Juu ikaukubali uamuzi huo. Adhabu ya kifo yenyewe haikufutwa. Kilichofutwa ni ulazima wake. Mahakama ya Juu pia iliamua kwamba aliyekaa zaidi ya miaka mitatu akisubiri kunyongwa, baada ya rufaa yake ya mwisho kukataliwa, adhabu yake ihesabiwe kuwa kifungo cha maisha. Wengine walirudishwa Mahakama Kuu ili, kwa mara ya kwanza, waulizwe wana nini cha kusema kabla ya kuadhibiwa.

Ni tangu hapo ambapo swali la nani alifanya nini ndani ya kundi lilianza kuwa na thamani halisi baada ya mtu kutiwa hatiani. Mwaka 2013 Jaji Mkuu alitoa mwongozo wa adhabu. Kwa mauaji na kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, mwongozo unaanzia miaka 35, na jaji anaweza kushuka hadi miaka 30 au kupanda hadi kifo, ambacho kimeachiwa matukio ya nadra sana, yale mabaya kupita yote. Mwongozo si amri. Mahakama za rufaa zimetoa mara nyingi vifungo vilivyo chini ya miaka 30, na mawakili wanalijua hilo vizuri.

Kwa habari ya makundi, mwongozo unayataja mambo mawili yanayovuta pande mbili. Kutenda kosa ukiwa sehemu ya genge huongeza uzito wa adhabu, kwa sababu mtu mmoja aliyezingirwa na watu wanne hana pa kukimbilia. Lakini kuwa na nafasi ndogo ndani ya genge hilo, nafasi ya mfuasi na si ya kiongozi, hupunguza. Kwa hiyo mshtakiwa mmoja aweza kuongezewa na kupunguziwa kwa hoja hiyo hiyo ya kundi.

Turudi dukani. Mwenye panga atakabiliwa na adhabu nzito zaidi. Hilo halihitaji maelezo. Aliyetoa siri ya fedha huwa mtihani mgumu kwa jaji. Hakumwaga damu, lakini bila yeye safari isingefanyika, na aliisaliti imani ya mtu aliyemlisha. Majaji wengi humweka karibu na mwenye panga kuliko anavyotarajia yeye na wakili wake. Mwendesha bodaboda ndiye mwenye nafasi kubwa ya kupunguziwa, iwapo itaonekana kwamba alikodiwa, hakupanga, na alipata fungu dogo. Ila kama ushahidi unaonyesha kwamba ndiye aliyelileta panga kwenye kiti cha pikipiki yake, nafasi hiyo huyeyuka.

Nimeandika "iwapo itaonekana" kwa makusudi. Baada ya kutiwa hatiani, upande wa mashtaka hueleza kama mtu huyo aliwahi kuhukumiwa kabla, kisha wakili wa utetezi hupewa nafasi ya kuomba adhabu ipunguzwe. Katika kesi nyingi maombi hayo huchukua dakika chache: mteja wangu ni kijana, ana mke na watoto, anajutia, ni kosa lake la kwanza. Maneno hayo ni ya kweli kwa karibu kila mshtakiwa, na kwa hiyo hayamtofautishi na mwenzake hata kidogo. Jaji hawezi kuifungua kamba kwa hoja inayowafaa wote wanne sawasawa. Anachohitaji kusikia ni kile kinachomhusu huyu tu: alijiunga lini na kundi, nani alimwita, alijua nini kuhusu silaha, alifanya nini kipigo kilipoanza, alipata kiasi gani, je, aliwaonyesha polisi mali ilikofichwa. Inasikitisha kwamba mara nyingi familia hukusanya fedha na barua za viongozi wa mtaa kwa ajili ya kumsifu kijana wao, lakini hazimpi wakili maelezo haya.

Kuna pia hoja ya kumtupia lawama asiyekuwapo. Kiongozi wa genge mara nyingi ndiye aliyekimbia, na waliokamatwa ni wale wasio na nauli ya kukimbilia mbali. Jaji huisikia hoja hiyo kwa uangalifu, maana aliyetoroka hawezi kuikanusha.

Mtoto kati ya watu wazima

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote katika mfano wetu inamhusu mbeba gunia. Chini ya Sheria ya Watoto ya Uganda, aliye chini ya miaka 18 hahukumiwi kifo, na hata kwa kosa ambalo mtu mzima angeweza kunyongwa, muda wa juu wa kuzuiliwa kwake ni miaka mitatu. Akishtakiwa pamoja na watu wazima, kesi husikilizwa katika mahakama ya watu wazima, lakini akitiwa hatiani amri juu yake hutolewa na Mahakama ya Familia na Watoto. Kinachohesabiwa ni umri wa siku ya tukio.

Hebu tafakari pengo hilo. Kijana wa miaka 17 na miezi 11 atakaa kizuizini miaka mitatu, na rafiki yake aliyetimiza miaka 18 mwezi uliotangulia anaweza kupewa miaka 30. Familia ya marehemu huliona jambo hili kuwa dhuluma, na si rahisi kuwalaumu. Upande wa pili, vijana wasio na cheti cha kuzaliwa huandikwa na polisi umri wowote unaoonekana kufaa, na wengine huishia kuhukumiwa kama watu wazima. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki au ya ubatizo, rejista ya shule: karatasi hizi hugeuka kuwa ushahidi muhimu kuliko wote. Zisipopatikana, daktari huombwa kukadiria umri, na kadirio la daktari huwa na mwanya wa mwaka au miwili. Mwanya huo ndio tofauti kati ya miaka mitatu na miaka 30.

Waliokiri, waliosubiri

Kuna tofauti nyingine zisizotokana na tukio lenyewe, bali na mwenendo wa kesi. Ya kwanza ni kukiri. Tangu utaratibu wa makubaliano ya kukiri kosa ulipoanza kutumika katika miaka ya 2010, na kuwekewa kanuni rasmi mwaka 2016, mshtakiwa anaweza kukubaliana na upande wa mashtaka kuhusu adhabu kabla kesi haijasikilizwa. Jaji si lazima ayakubali makubaliano hayo. Katika kundi la watu wanne, mmoja akikiri mapema anaweza kupata miaka 18 ilhali wenzake, waliodai kesi isikilizwe hadi mwisho, wakapata zaidi ya 30. Wenzake watalalamika kwamba kosa lilikuwa moja. Mahakama itawajibu kwamba kukiri kunaokoa muda, kunawaepushia mashahidi uchungu wa kusimulia tena, na ni dalili ya majuto. Jibu hilo lina uzito, ingawa lina hatari yake: asiye na hatia aliyechoka na mahabusu anaweza kukiri ili tu mambo yaishe.

Ya pili ni muda wa mahabusu. Ibara ya 23(8) ya Katiba inaitaka mahakama izingatie muda ambao mtu alikaa rumande kabla ya hukumu. Kwa miaka mingi ilitosha jaji kutamka kwamba ameuzingatia. Tarehe 3 Machi 2017, katika shauri la Rwabugande, Mahakama ya Juu ilisema muda huo uondolewe kwa hesabu. Jaji akiona miaka 30 inafaa na mtu amekaa rumande miaka minne, basi kifungo ni miaka 26. Ndiyo sababu watu wawili waliotenda kosa moja, wenye nafasi sawa ndani ya kundi, wanaweza kutoka mahakamani na tarakimu tofauti: mmoja alikamatwa wiki ile ile, mwingine alipatikana baada ya miaka mitatu mafichoni. Hesabu ikiwa sahihi, hapo hakuna upendeleo.

Kuhusu kifungo cha maisha, zamani kilihesabiwa magerezani kuwa miaka 20. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ilisema maana yake ni maisha yote ya mfungwa.

Kesi ya mabomu ya Kampala

Mfano unaojulikana kuliko yote katika ukanda huu ni ule wa mashambulizi ya tarehe 11 Julai 2010, siku ya fainali ya Kombe la Dunia, katika uwanja wa raga wa Kyadondo na mgahawa wa Kiethiopia huko Kabalagala. Zaidi ya watu 70 waliuawa. Washtakiwa walitoka Uganda, Kenya na Tanzania, na hata waliotega mabomu hawakuwa peke yao. Kulikuwa na waliopanga, waliosafirisha, waliohifadhi.

Wawili walikiri mwaka 2011. Mmoja, aliyekiri ugaidi na kuonyesha majuto, alipewa kifungo cha miaka 25 badala ya kifo. Mwingine alikiri kosa la kula njama na akapewa miaka mitano. Wengine 13 walifuata njia ndefu ya kesi. Mwezi Mei 2016 Jaji Alfonse Owiny-Dollo, ambaye baadaye alikuja kuwa Jaji Mkuu wa Uganda, aliwatia hatiani saba kwa ugaidi na mauaji, akawaachia huru watano, na mmoja akamtia hatiani kwa kosa dogo la kuwasaidia wahalifu baada ya tendo. Kati ya wale saba, watano walipata kifungo cha maisha na wawili miaka 50. Yule wa kosa dogo alipewa mwaka mmoja wa kazi za jamii, baada ya miaka karibu sita rumande. Jaji alikataa kutoa hukumu ya kifo, akisema haoni kwamba ingeleta faraja kwa waliofiwa.

Tukio moja, na matokeo sita tofauti: maisha, miaka 50, miaka 25, miaka mitano, kazi za jamii, na uhuru. Baadhi ya waliopoteza watoto wao usiku ule waliona adhabu hizo ni ndogo mno. Yawezekana hakuna hesabu ambayo ingewaridhisha. Lakini mtu akiisoma orodha hiyo kwa makini ataona kwamba kila tofauti ina sababu inayoweza kutajwa, na mahakama ilizitaja. Tofauti isiyo na sababu ndiyo inayompa mfungwa haki ya kulalamika.

Ukivuka mpaka

Wanaovuka mipaka kwa biashara au kwa uhamisho wasidhani kwamba sheria ni ile ile. Nchini Kenya, unyang'anyi wa kutumia nguvu huwa wa daraja la kifo hata bila silaha, iwapo mtendaji alikuwa na mwenzake mmoja au zaidi. Kuwa wawili kunatosha kulibadili kosa. Mahakama ya Juu ya Kenya iliondoa ulazima wa kifo katika mauaji mwezi Desemba 2017, katika shauri la Muruatetu, lakini mwaka 2021 ikafafanua kwamba uamuzi huo unahusu mauaji peke yake. Nchini Tanzania, kiwango cha chini cha kifungo kwa unyang'anyi wa kutumia silaha ni miaka 30, na katika mauaji ya kukusudia sheria kwa miaka mingi haijampa jaji pa kuchagua, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha iliukosoa ulazima huo mwaka 2019. Mwendesha bodaboda wa mfano wetu angekuwa na nafasi ndogo zaidi ya kusikilizwa huko.

Rufaa juu ya adhabu

Aliyehukumiwa na Mahakama Kuu ya Uganda anaweza kukata rufaa katika Mahakama ya Rufani. Anayelalamikia adhabu peke yake, bila kupinga kutiwa hatiani, huomba kwanza ruhusa ya mahakama hiyo. Majaji wa rufaa hawaibadili adhabu kwa sababu tu wao wangetoa nyingine. Huingilia kati inapokuwa kinyume cha sheria, inapokuwa kali kupita kiasi, au jaji wa kwanza alipopuuza jambo la msingi, kwa mfano kutoondoa muda wa rumande. Kukosekana kwa ulinganifu pia ni hoja: mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilibadili hukumu ya kifo kuwa miaka 30 kwa kuilinganisha na adhabu zilizotolewa katika mauaji yanayofanana. Mfungwa anayetaja adhabu ndogo ya mwenzake lazima aonyeshe kwamba nafasi zao katika tukio zilikuwa sawa. Na awe tayari kwa jibu ambalo hutolewa mara kwa mara, kwamba mwenzake ndiye aliyependelewa kimakosa, na kosa la kumpunguzia mmoja si sababu ya kuwapunguzia wote.

Taarifa ya kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 14 tangu hukumu. Asiye na wakili anaweza kuiwasilisha kupitia mkuu wa gereza alimofungwa, naye hulazimika kuifikisha mahakamani. Siku hizo 14 huanza kuhesabiwa tangu siku hukumu iliposomwa, hata kama nakala yake ya maandishi bado haijapatikana.